Unga wa uyoga hautibu UTI, hata kama protini zake zinaua bakteria

Barua za toleo hili karibu zote ni za uyoga, na chanzo nakijua. Kuna picha inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp hapa Moshi na Arusha: uyoga wa mamama umepangwa kando ya kopo jeupe, na chini yake maandishi makubwa, "Wanasayansi wathibitisha: protini za uyoga zaua bakteria sugu." Hata mimi nimetumiwa, tena na ndugu yangu wa Kibosho ambaye uyoga wenyewe haugusi. Nimestaafu nikitokea kwenye maabara ya bakteria, na siku hizi nalima mamama kwenye kibanda nyuma ya nyumba hapa Rau. Basi leo niacheni niseme.

Shikamoo mama wa maabara. Nina miaka 34, nasumbuliwa na UTI sugu tangu mwaka jana. Nimemeza sipro, nikameza rangi mbili, nikachomwa na sindano za siku tano. Inatulia kidogo, kisha inarudi. Sokoni kuna dada anauza unga wa uyoga, kopo shilingi elfu ishirini. Anasema nikoroge kijiko kwenye uji wa moto asubuhi na jioni, na dawa za hospitali niache kwanza kwa sababu zinagombana na uyoga. Kanionyesha kwenye simu utafiti kabisa, wa Kiingereza. Ni kweli au naibiwa? — Mama Junior, Majengo, Moshi

Marahaba mwanangu. Utafiti aliokuonyesha huenda ni wa kweli kabisa, na ndiyo maana kopo lake linauzika.

Protini kuua bakteria ni jambo la kawaida. Machozi yako yanayo protini ya namna hiyo, inaitwa lisozimu. Aliyeieleza ni Alexander Fleming mwaka 1922, yule yule aliyekuja kuigundua penisilini mwaka 1928. Imo kwenye mate, kwenye maziwa ya mama na kwenye ute mweupe wa yai. Kazi yake ni kukata ukuta wa bakteria, maji yanaingia ndani, bakteria anapasuka. Uyoga nao una silaha zake, na haishangazi ukiangalia unakoishi. Unaota kwenye mabua na majani ya migomba yanayooza, umezungukwa na bakteria na ukungu wa kila aina wanaogombea chakula hicho hicho. Ungekuwa hauna cha kujitetea, usingefika hata kuchanua.

Silaha hizo wanasayansi wamekuwa wakizitoa moja moja. Mwaka 2004 Ngai na Ng wa Chinese University of Hong Kong walichukua uyoga unaoitwa Pleurotus sajor-caju, ambao ni wa ukoo mmoja na mamama tunaolima huku, wakatoa ndani yake ribonukliezi, yaani protini inayokatakata RNA. Wakaona inazuia Staphylococcus aureus na Pseudomonas aeruginosa. Hao si bakteria wa mchezo. Wa kwanza ndiye wa majipu na vidonda vya usaha. Wa pili anapenda vidonda vya moto na mipira ya mkojo, na nimemwona akiota kwenye sahani ya maabara huku vidonge vya karatasi vyenye dawa vimemzunguka kama hajui vipo.

Sasa uliza ilipatikanaje. Uyoga ulisagwa, ukachujwa, maji yake yakapitishwa kwenye mirija iliyojazwa chembechembe zinazokamata protini moja na kuiachia nyingine, kisha mrija mwingine, na mwingine tena. Kazi ya namna hiyo huanza na beseni la uyoga na kuishia na vumbi kidogo la protini moja safi, linalopimwa kwa miligramu. Ndipo likawekwa moja kwa moja juu ya bakteria. Hapakuwa na uji, wala tumbo la mtu.

Wewe umeambiwa ukoroge kwenye uji wa moto. Pasua yai leo jioni, uangalie ute wake unavyobadilika ukigusa kikaango: ulikuwa unapitisha mwanga, sasa ni mweupe na mgumu. Lisozimu niliyokutajia ni mojawapo ya protini zilizomo humo. Protini hufanya kazi kwa umbo lake, na moto unalivuruga umbo hilo. Zipo zinazovumilia moto kiasi, sikatai, lakini zote zinakwenda kukutana na tumbo. Tumboni kuna asidi, na kuna vimeng'enya ambavyo kazi yake duniani ni kukata protini, iwe ya maharage, ya dagaa au ya uyoga. Ndiyo sababu mgonjwa wa kisukari anajichoma insulini badala ya kuimeza. Insulini ni protini, na ingemezwa tumbo lingeifanya chakula.

Haya, tuseme muujiza umetokea, protini imepita tumboni salama. Bado inatakiwa iingie kwenye damu, ichujwe na figo, ifike kwenye kibofu ikiwa nyingi ya kutosha. Na huko inakomkuta mara nyingi ni Escherichia coli, ambaye ana utando wa pili nje ya ukuta wake. Utando huo ndio unaoishinda hata lisozimu yetu. Kwa hiyo protini iliyomzuia bakteria wa jipu kwenye sahani haijakuahidi chochote kuhusu bakteria wa mkojo.

Mfano mwingine, ili usione nawaonea wenye makopo. Mwaka 2005 watafiti wa Denmark walitangaza protini ndogo inayoitwa plektasini, kutoka kwa kuvu mdogo mweusi wa misitu ya Ulaya, ambao si wa kuliwa. Ilitibu panya waliokuwa na bakteria wa nimonia, na mwaka 2010 ikajulikana hata mahali inapomkamata bakteria: inashika malighafi anayojengea ukuta. Ni kazi nzuri sana. Lakini ilihitaji kuchomwa kwa sindano, na mpaka leo huikuti famasi. Kama protini iliyochunguzwa kiasi hicho haijawa dawa, unga usiojulikana una kiasi gani cha kitu gani utakuwaje dawa?

Lililonikera kwenye barua yako si elfu ishirini, ni hilo la kuacha dawa. Dawa za hospitali na uyoga havigombani. Kinacholeta ugomvi ni dozi iliyokatishwa na dawa iliyotolewa kwa kubahatisha. Umetaja sipro, rangi mbili na sindano, lakini hukutaja popote kwamba mkojo wako uliwahi kuoteshwa. Neno "sugu" umelitoa wapi basi? Kuna wanawake wengi wanaoambiwa wana UTI sugu kumbe ni fangasi za ukeni, au ugonjwa wa zinaa, na hizo dawa ulizotaja haziwezi kuua fangasi hata ukimeza ndoo.

Nenda hospitali ya mkoa au KCMC, uombe mkojo uoteshwe. Ukifika, jisafishe, mkojo wa mwanzo uache uende, kinga wa katikati kwenye kichupa walichokupa wao, si cha jemu ulichosuuza nyumbani. Kipeleke maabara papo hapo, kwa sababu mkojo ukikaa kwenye joto bakteria wanazaliana na majibu yanadanganya. Huko watautandaza kwenye sahani na kuuacha ulale kwenye joto la mwili. E. coli kwenye agari ya MacConkey, chakula cha kuoteshea bakteria, huota vidoa vya waridi, vimekauka kidogo, mtu aliyezoea anavijua kabla hajakaa chini. Vikihesabiwa kufikia 100,000 kwa mililita, huo kwa kawaida ni ugonjwa. Kisha bakteria wako wanatandazwa upya na kuwekewa vidonge vya karatasi vya milimita 6, kila kimoja kina dawa yake, na kesho yake fundi anapima kwa rula duara ambalo bakteria wameshindwa kuota. Siku mbili tatu unapewa karatasi inayosema dawa ipi inawaweza na ipi hawaijali. Hapo ndipo neno "sugu" linapata maana.

Ukipata homa, kutapika, maumivu ya ubavuni au kiunoni, au ukiwa na mimba, usisubiri karatasi; nenda siku hiyo hiyo. Na uyoga kula, mwanangu. Kaanga na kitunguu na nyanya, weka nazi kama unayo. Kwa elfu ishirini utapata mwingi tu mbichi.

Shikamoo mama. Nalima mamama kwenye chumba cha tope. Mavuno ya kwanza yalikuwa mazuri, ya pili uyoga unatoka na madoa ya kahawia, unateleza na kunuka, na mteja wangu wa hoteli ameukataa. Kama uyoga unaua bakteria, mbona wangu unaozeshwa na bakteria? Pia rafiki ananishauri niandike "antibiotiki ya asili" kwenye pakiti ili bei ipande. — Kijana wa Usa River, Arusha

Marahaba kijana. Swali lako la kwanza ningelibandika kwenye lile kopo.

Anayekusumbua, kwa maelezo yako, anafanana sana na Pseudomonas tolaasii. Huyu ni bakteria aliyebobea kwenye uyoga, na anakaa kwenye maji, kwenye udongo na kwenye mabua yenyewe. Silaha yake inaitwa tolaasini: mnyororo mfupi wa amino asidi, yaani vipande vinavyounda protini, wenye mkia wa mafuta, unaotoboa seli za uyoga mpaka zinavuja, na hapo ndipo rangi ya kahawia inapotoka. Kwa hiyo pande zote mbili zinapigana kwa silaha za namna moja, na kwenye chumba chako bakteria ndiye anayeshinda. Hakuna protini inayoua bakteria wote. Kila moja ina shabaha yake.

Kinachompa ushindi ni maji yanayokaa juu ya kofia ya uyoga. Usa River usiku kuna baridi, hasa Juni na Julai, na nadhani unafunga madirisha yote ili mifuko isipoe. Asubuhi ukiingia na tochi utakuta kofia zinang'aa kwa umande. Huo ndio ugonjwa wenyewe. Fungua hewa ya juu hata kama ni baridi. Mwagilia sakafu na kuta, na ukinyunyiza hewani tumia bomba la tone dogo, asubuhi, ili mpaka mchana kofia ziwe zimekauka. Kumwagilia jioni acha kabisa. Uyoga wenye doa ng'oa na shina lake, utoe nje ya chumba, unawe mikono kabla hujagusa mfuko mwingine. Maji ya mfereji wa shambani usiyatumie. Wakulima wakubwa hutia klorini kidogo kwenye maji ya kunyunyizia. Usinunue antibiotiki ya kuku ukaupulizia uyoga. Nimeshasikia watu wakifanya hivyo, na mlaji ndiye anayeimeza.

La pakiti: usiandike. Ukisema bidhaa yako inatibu umeitoa kwenye chakula ukaiingiza kwenye dawa, na dawa ziko chini ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Dawa za asili nazo zina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Huna kibali cha huko, na huna protini uliyoipima. Andika "mamama safi" na tarehe ya kuvuna. Mteja wa hoteli anataka tarehe.

Mama, daktari wa mifugo aliniandikia tiamulini kwa kuku wangu wanaokoroma. Mwanangu anayesoma chuo anasema dawa hiyo ilitoka kwenye uyoga. Kama ni hivyo, si niwape tu mabaki ya uyoga kwenye pumba? — Mfugaji, Kiboroloni

Mwanao amesema kweli, na ningependa wengi wakijue kisa hiki, maana ndicho kinachoonyesha njia kutoka uyoga hadi dawa ilivyo ndefu. Mwaka 1951 Kavanagh, Hervey na Robbins wa New York walieleza kitu walichokitoa kwenye uyoga ulioitwa wakati ule Pleurotus mutilus, wakakiita pleuromutilini. Wanakemia wakakibadilisha mkia mmoja, ikawa tiamulini, ikaingia sokoni kwa ajili ya mifugo mwishoni mwa miaka ya 1970. Binadamu walisubiri zaidi: Marekani iliidhinisha retapamulini, dawa ya kupaka, mwaka 2007, na lefamulini, ya kumeza na ya mshipani kwa ajili ya nimonia, mwaka 2019. Hesabu mwenyewe, kutoka 1951.

Ila pleuromutilini si protini. Ni molekuli ndogo, ambayo vimeng'enya vya kukata protini haviioni kama chakula, ndiyo maana dawa zake zinaweza kumezwa, zikafika kwenye damu na kwenda kukaba ribosomu, mtambo ambao bakteria anaundia protini zake mwenyewe. Ukiniuliza mimi, uyoga umetupa dawa ya bakteria kwa njia hii ya molekuli ndogo, wakati protini zake, pamoja na sifa zote, bado ziko kwenye sahani.

Mabaki ya mamama hayana pleuromutilini ya kutibu mafua ya kuku. Wape kama chakula ukitaka, yasiwe na ukungu. Na kwa kuwa umeshika tiamulini, soma karatasi ya chakula unachonunua: kikiwa na salinomisini au monensini, dawa za kuzuia koksidia, vimelea vya utumbo wa kuku, mchanganyiko huo unaweza kuwaua kuku wako. Mwambie daktari kabla ya kuanza dozi. Pia muulize siku za kusubiri kabla ya kuchinja au kuuza mayai, uzifuate.

Bibi yetu anasema uyoga wa porini una nguvu kuliko wa mifukoni. Ni kweli? — Marangu

Uyoga wa porini una ladha, na wazee wanaoujua wanaujua kweli. Lakini baadhi ya uyoga wa jamii ya Amanita una sumu inayoitwa amatoksini, na sumu hiyo ni mnyororo mdogo wa amino asidi 8 uliofungwa duara. Yale yote niliyomwambia Mama Junior kuhusu moto na tumbo, hii inayakwepa: kuchemsha hakuiui, na tumbo haliikati. Maumivu huanza baada ya saa 6 hadi 12, kisha mtu anapata nafuu na kudhani yamekwisha, kumbe ini ndiyo linakufa. Kwamba konokono ameula si dalili ya usalama. Bibi akiwa hana uhakika na mmoja kwenye kikapu, mwaga kikapu kizima.

Shikamoo. Nasoma kidato cha sita Arusha, nataka mradi wangu wa sayansi uwe kupima kama protini za mamama zinazuia bakteria. Mwalimu amekubali, shule ina maabara na amoniamu salfeti. Nianzie wapi? — Mwanafunzi, Sakina

Marahaba. Barua hii imenifurahisha kuliko zote.

Twanga uyoga mbichi ukiwa kwenye barafu, changanya na maji baridi, chuja kwa kitambaa safi. Ongeza amoniamu salfeti kidogo kidogo huku ukikoroga taratibu. Chumvi hiyo inayapora maji yanayozishikilia protini, nazo zinaanza kuonekana kama wingu la maziwa, halafu zinashuka chini. Kusanya ule utope. Hapo wengi wanakimbilia kwenye sahani, wanapata duara safi, wanapiga picha. Utope huo umejaa chumvi, na chumvi nyingi peke yake inaweza kuwazuia bakteria. Lazima uiondoe: tia utope kwenye mfuko wa utando wa dayalisisi, unaopitisha chumvi na kuzuia protini, uzamishe kwenye maji baridi, ubadilishe maji mara kadhaa mpaka kesho yake.

Na kwenye kila sahani weka vidonge vinne vya karatasi, si kimoja. Kimoja kiwe na protini yako. Cha pili, maji yale ya mwisho yaliyouzunguka mfuko. Kikitoa duara, chumvi bado ipo. Cha tatu, protini yako uliyoichemsha dakika kumi. Duara lake likilingana na la kwanza, basi kinachoua huenda si protini. Cha nne, antibiotiki inayojulikana, ili uone bakteria wako wanaweza kuuawa na sahani iko sawa.

Bakteria usiwatoe kwenye kidonda cha mtu wala chooni. Mwombe mwalimu akutafutie Bacillus subtilis wa kufundishia. Otesha kwenye joto la kawaida la chumba, si la mwili, sahani ifungwe kwa selotepu na isifunguliwe tena. Duara unalipima kwa rula ukiwa nje ya kioo. Ukimaliza, sahani zote zilazwe kwenye jiki usiku kucha kabla ya kutupwa, na mwalimu awepo.